Daftari la shangazi: dhana potofu kuhusu chanjo na kuhusu wanaoisita

Wakati wa korona shangazi yangu alikuwa na daftari. Kila ujumbe wa sauti uliomfikia kwenye WhatsApp kuhusu chanjo aliuandika kwa kifupi, na pembeni akaweka alama: tiki, mkasi au kiulizo. Viulizo vilijaa kurasa. Nalitaja daftari hilo kwa kuwa dhana ya kwanza ninayotaka kuigusa inawahusu watu kama yeye.

Dhana: Anayesita kuchanjwa hajasoma, au ana kichwa kigumu

Mwaka 2019, korona haijasikika bado, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaweka kusitasita kuchanjwa kwenye orodha ya mambo kumi yanayotishia afya ya dunia. Wengi wa wanaosita hawapingi chanjo. Watoto wao wamechanjwa surua na polio, ila hii mpya ya korona wanaitazama kwanza. Hata manesi na madaktari wamo.

Wengine wanasita kwa sababu wanakumbuka. Huko Alabama, Marekani, tangu 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili wataalamu wa serikali waone ugonjwa unavyokwenda, ingawa penisilini ilianza kutumika kuutibu miaka ya 1940. Kisha shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilipokuwa likimsaka Osama bin Laden mjini Abbottabad, Pakistan, liliendesha kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini. Bin Laden aliuawa 2011, siri ikavuja, na miaka iliyofuata wachanjaji wa polio nchini humo wakawa wanashambuliwa na kuuawa kazini. Ikulu ya Marekani ilikuja kuahidi mwaka 2014 kwamba CIA haitajificha tena nyuma ya chanjo. Mtu aliyeyaona hayo, ukimwambia tu "acha uvumi", atakusikiliza kwa sikio lipi?

Dhana: Ilitengenezwa haraka mno, kwa hiyo haikupimwa

Kwangu hili ndilo swali zito kuliko yote, na kosa kubwa lilikuwa kumcheka aliyeuliza. Haraka ilikuwepo kweli. Taarifa za vinasaba vya kirusi cha korona ziliwekwa hadharani Januari 2020, na tarehe 8 Desemba mwaka uleule Uingereza ikaanza kuchanja. Anayeshtuka ana haki ya kushtuka.

Ila hesabu haianzi 2020. Wanasayansi Katalin Karikó na Drew Weissman walichapisha mwaka 2005 ugunduzi wao wa namna ya kuirekebisha mRNA, yaani maelekezo ambayo seli huyasoma na ambayo baadhi ya chanjo za korona huyatumia, ili mwili usiipokee kwa kishindo, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Miiba inayochomoza juu ya virusi vya jamii ya korona nayo ilishachunguzwa tangu milipuko ya SARS na MERS, magonjwa ya mapafu yanayoletwa na virusi vya jamii hiyohiyo. Kilichokatwa hasa ni kusubiri. Kwa kawaida hatua moja ya majaribio huisha, watu wakatafuta fedha, wakaomba kibali, ndipo wakaanza nyingine. Safari hii hatua zilipandana, na serikali zililipia dozi zianze kuzalishwa kabla haijajulikana kama zitafaa; kama zingefeli, zingemwagwa. Watu waliojitolea hawakupunguzwa: jaribio la kampuni za Pfizer na BioNTech pekee lilikuwa na watu wapatao 44,000, nusu yao wakichomwa maji ya chumvi bila kujua. Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umetapakaa, haikuchukua miaka kuona ni kundi lipi linaugua zaidi.

Dhana: Inabadilisha vinasaba, inaleta ugumba, ina chipu

Ya chipu tuiache ipite. Kuhusu vinasaba, mRNA ni kama karatasi ya maelekezo: seli inaisoma, inatengeneza kipande cha mwiba wa kirusi ili kinga ikitambue, kisha mwili unaichanachana karatasi yenyewe. Kwenye kiini cha seli, vinakokaa vinasaba, haiingii.

Kuhusu uzazi, washiriki wa majaribio waliombwa wasishike mimba, lakini wapo walioshika, na idadi yao ilikaribiana kati ya waliochanjwa na waliopewa maji ya chumvi. Hapa kuna jambo linaloniudhi. Wanawake waliosema hedhi zao zimevurugika waliambiwa ni mawazo yao. Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba mzunguko ulirefuka kweli, kwa wastani wa chini ya siku moja, kisha ukarudi kama kawaida. Jambo dogo kama hilo lingesemwa mapema, uvumi wa ugumba ungekosa pa kushika.

Dhana: Waliochanjwa nao wanalazwa, basi haisaidii

Chukua mfano wa kubuni: watu 1,000, waliochanjwa 900. Wakilazwa 18 kati ya hao, na 10 kati ya 100 waliobaki, wodini utakuta wengi wamechanjwa. Lakini wa kwanza ni 2 katika kila 100, wa pili ni 10.

Dhana ya wahamasishaji: Haina madhara yoyote

Hii nayo ni potofu, na inatoka upande wetu. Chanjo za mRNA zilihusishwa na uvimbe wa misuli ya moyo, kwa nadra, zaidi kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili. Ya AstraZeneca ilihusishwa na aina adimu ya kuganda kwa damu. Machi 2021 nchi kadhaa za Ulaya ziliisimamisha, na baadhi zikairudisha kwa wenye umri mkubwa tu. Mzio mkali nao hutokea mara chache, ndiyo maana ukishachomwa unaambiwa ukae pale dakika 15.

Shangazi alipofika kwenye meza ya chanjo alifungua daftari. Aliwahi kuzimia baada ya kuumwa na nyuki; je, achomwe? Nesi aliweka sindano chini, akamuuliza ilikuwa lini na alivimba wapi, akamweleza watakachofanya ikitokea tena, kisha akamwambia kwamba yeye, shangazi, atakaa dakika 30. Shangazi akakunja mkono wa gauni. Akiwa kwenye benchi alikifuta kiulizo kile. Viwili vingine alirudi navyo nyumbani.