Kupima madai ya uwezo usio wa kawaida: kazi kubwa iko kabla ya jaribio

Mtu anayesema anaweza kutambua maji yaliyofichwa kwa kijiti chenye panda, kusoma mawazo ya mwenzake au kujua kilichomo ndani ya bahasha iliyofungwa, ametoa dai linalopimika. Wengi wao si matapeli, wanaamini kwa dhati wanachokisema. Kwa hiyo jaribio liwatendee haki: liwape nafasi ya kweli ya kufaulu, huku likiziba kila mwanya mwingine wa kulipata jibu.

Dai liandikwe kwanza, na mwenyewe aliridhie. "Nahisi nguvu" haipimiki. "Mkiweka vyombo 10 vilivyofunikwa, nitakitambua chenye maji" inapimika. Aulizwe anahitaji muda gani, apumzike lini, na nini humvuruga. Kisha apite katika eneo likiwa tupu na kuweka alama popote anapohisi maji ya ardhini, ili vyombo vikae mbali na hapo. Baada ya hapo afanye zoezi la wazi, akijua maji yalipo. Kijiti kikiinama, amekubali mwenyewe kwamba mahali, hali ya hewa na watu waliopo havimzuii. Zoezi hili lisirukwe hata siku moja, kwani likikosekana kila matokeo yatabishaniwa.

Kiwango cha kufaulu hupangwa mapema. Tuseme kuna mizunguko 20, na kila mara chombo kimoja tu kati ya 10 kina maji. Anayebahatisha atapata wastani wa 2. Kupata 5 au zaidi kwa bahati tupu hutokea takriban mara 4 katika kila majaribio 100, na hiyo ni nyingi mno watu wakiwa wengi. Kupata 7 au zaidi hutokea kama mara 2 katika 1,000, kwa hiyo 7 ni kiwango kizuri cha kuanzia. Idadi ya mizunguko nayo isibadilike katikati. Anayeruhusiwa kusimama anapopenda atasimama wakati bahati imemwendea vizuri.

Mahali pa kuweka maji pachaguliwe kwa dadu ya pande 10 au kwa namba za nasibu za kompyuta. Kichwa cha binadamu hakifai kwa kazi hii: hukwepa kurudia namba ileile, na mwenye dai anaweza kuushika mtindo huo bila hata kujua.

Mwanya mkubwa kuliko yote ni mtu anayejua jibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Berlin, farasi aitwaye Hans alijibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1907, aligundua kwamba Hans alishindwa pale muulizaji alipokuwa hajui jibu, au farasi alipozuiwa kumwona. Muulizaji alikuwa akiinua kichwa kidogo sana bila kukusudia, na farasi akaacha kugonga. Ikiwa farasi anaweza kuisoma ishara hiyo, mtu ataisoma pia. Ndiyo maana aliyepanga vyombo huondoka kabla mwenye dai hajaingia, wasikutane, na msimamizi anayebaki asijue maji yako wapi.

Vifaa navyo huvujisha siri. Katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, mtafiti J. B. Rhine alipima uwezo wa kutambua kadi zisizoonekana kwa kutumia kadi 25 zenye alama tano, kila alama mara tano, na anayebahatisha hutarajiwa kupata 5. Baadhi ya kadi za awali zilionyesha alama kwa nyuma. Tena, ukimwambia mtu kila kadi ilikuwa ipi mara anapojibu, atahesabu zilizobaki na kuvuka wastani wa 8 bila uwezo wowote wa ajabu. Matokeo yasitajwe mpaka mwisho, na majibu yaandikwe na watu wawili, kila mmoja peke yake. Mwanamazingaombwe mzoefu aitwe kuukagua mpango, kwa sababu mwanasayansi amezoea vitu visivyodanganya.

Hakuna haja ya maabara ya gharama. Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha jaribio la msichana Emily Rosa. Waganga 21 waliodai kuhisi nishati ya mwili walipitisha mikono yao kwenye kizuizi cha kadibodi, naye akaweka wake juu ya mmoja, akichagua kwa kurusha sarafu. Katika mara 280 walipatia 123, yaani asilimia 44, wakati kubahatisha kungewapa 50.

Mtu akivuka kiwango, rudieni jaribio lote kwa wasimamizi wapya na mahali pengine, kwa kiwango kilekile. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Daryl Bem alichapisha majaribio 9 yaliyohusisha watu zaidi ya 1,000, akidai mengi yanaonyesha watu kuhisi yajayo. Timu nyingine zilipoyarudia kwa uangalifu, hazikuyapata matokeo hayo.