Je, wajua kwa nini Windows 7 iliuzwa chini ya nusu bei kabla haijatoka?

Mwezi Juni 2009 kampuni ya Microsoft ilifanya jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo angelitilia shaka. Ilikuwa na bidhaa mpya inayosubiriwa kwa hamu, Windows 7, mfumo endeshi unaoiwezesha kompyuta kufanya kazi, imebaki miezi minne ifike dukani, na wengi wa waliokuwa wakiisubiri wangeilipia bei kamili bila kununa. Badala ya kuwatoza zaidi kwa sababu ya haraka yao, ikawapunguzia. Kuanzia tarehe 26 Juni hadi 11 Julai, aliyekuwa Marekani au Kanada aliweza kuagiza Windows 7 Home Premium ya kupandishia toleo, yaani ya kuweka juu ya Windows uliyonayo, kwa dola 49.99, ilhali bei yake iliyopangwa ilikuwa dola 119.99. Toleo la juu yake, Professional, lililopangiwa dola 199.99 lilishushwa hadi 99.99. Unaagiza leo, mzigo unaupata tarehe 22 Oktoba.

Biashara tuliyoizoea huenda kinyume. Maembe ya mwanzo wa msimu ndiyo ghali. Ukivumilia wiki tatu utayakuta yamejaa mkokoteni mzima na muuzaji anakubembeleza. Simu mpya ni hivyo hivyo. Mwenye haraka hulipia haraka yake. Sasa hapa imekuwaje mwenye haraka apewe zawadi, halafu mvumilivu ndiye alipe zaidi ya mara mbili?

Jibu jepesi ni kwamba programu haina mfuko wa unga. Muuza unga akikupunguzia nusu bei, ile nusu ameitoa kwenye gunia alilolinunua kwa pesa yake. Mfumo endeshi wa kompyuta gharama yake karibu yote iko kwenye nakala ya kwanza, ile iliyowakalisha wahandisi ofisini kwa miaka. Nakala ya pili ni diski, boksi la plastiki na karatasi yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25. Hata ukiuza kwa dola 49 bado umepata.

Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu lilikuwa kweli mwaka 2001 na mwaka 2007 pia, Windows zilizotangulia zilipotoka, na miaka hiyo hakuna aliyetangaziwa punguzo la namna hii. Kilichobadilika ni Vista, Windows iliyoitangulia Windows 7.

Windows Vista iliingia madukani tarehe 30 Januari 2007, miaka zaidi ya mitano baada ya Windows XP. Ilikuwa nzito. Printa na skana zilizofanya kazi jana zikagoma leo kwa kukosa draiva zake, yaani programu za kuziunganisha na kompyuta. Kila ukitaka kusakinisha kitu, skrini inafifia na kidirisha kinakuuliza kama kweli umeruhusu. Marekani kulifunguliwa hata kesi kuhusu vibandiko vilivyodai kwamba kompyuta fulani zinaiweza Vista, wakati zilichokiweza ni lile toleo lake la chini kabisa lisilo na madoido yaliyotangazwa. Makampuni mengi yakaamua kuiruka na kubaki na XP. Kuna wateja walionunua kompyuta mpya yenye Vista na kitu cha kwanza walichofanya ni kurudisha XP.

Kwa hiyo mwaka 2009 Microsoft haikuwa na tatizo la bei hata kidogo. Ilikuwa na tatizo la jina. Na jina likishachafuka, tangazo la televisheni halilisafishi. Anayelisafisha ni yule mtu mmoja ambaye kila ukoo unaye, anayepigiwa simu kompyuta ikigoma: mpwa, shemeji, kijana wa jirani. Yeye ndiye aliyewaambia wenzake wote, “Vista usiguse.” Ukimgeuza huyo, umewageuza watu ishirini nyuma yake.

Nionavyo mimi, punguzo lile lilikuwa ujira. Wapenda kompyuta walilipwa, kwa njia ya bei, wawe mashahidi. Ndiyo maana halikutolewa Januari ambapo watu wa kawaida wangelifaidi, bali likatolewa mapema kiasi kwamba aliyelijua ni yule tu anayefuatilia habari za kompyuta kila siku. Tena mashahidi hao hawakuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tangu Mei mwaka ule toleo la majaribio lililokaribia kukamilika lilikuwa linapakuliwa bure na mtu yeyote. Walionja kwanza, wakaona ni jepesi kuliko Vista, ndipo wakaambiwa: ukitaka la kudumu, leo ni dola 49.

Tangazo lenyewe lilikuwa na sharti jingine linalochekesha ukilitafakari: ofa ni hadi tarehe fulani, au hadi mzigo utakapokwisha. Mzigo gani? Kiwandani diski ya nakala ya milioni haina tofauti na ya kwanza. Kilichokuwa kinaisha si bidhaa, ni nafasi za kuipata kwa bei ile, na nafasi hizo zilihesabiwa na muuzaji mwenyewe mezani kwake. Sharti hilo lina kazi. Bei ikikaa wazi mwaka mzima, watu wataanza kuiona hiyo ndiyo thamani ya kitu, na siku ukiipandisha watasema umewaibia. Ukiifunga baada ya wiki mbili, dola 119.99 inabaki kuwa bei na 49.99 inabaki kuwa bahati.

Bahati hiyo iligombewa. Amazon ya Uingereza ilisema kwamba maagizo ya Windows 7 katika saa nane za mwanzo yaliyapita yale ya Vista kwa wiki zote 17 za maagizo yake ya mapema. Kufikia Oktoba ikatangaza kwamba hakuna bidhaa iliyowahi kuingiza fedha nyingi kuliko hiyo kwa maagizo ya mapema katika duka lake, na aliyeshushwa kwenye kiti hicho ni kitabu cha mwisho cha Harry Potter. Mfumo endeshi kumshinda mchawi! Wakati wa Vista nani angethubutu kulisema hilo?

Uingereza, Ufaransa na Ujerumani walianza baadaye, tarehe 15 Julai, na kwao kulikuwa na kisa ndani ya kisa. Tume ya Ulaya ilikuwa inaibana Microsoft kwa kufungia kivinjari chake, programu ya kufungulia tovuti, ndani ya Windows. Kampuni ikajibu kwa kutangaza toleo la Ulaya lisilo na kivinjari kabisa, likapewa herufi E. Toleo hilo lisingeweza kupandishwa juu ya Vista; lilidai ufute kila kitu uanze upya. Kwa hiyo wateja wa huko wakauziwa toleo kamili kwa bei ya lile la kupandishia. Halafu, wakati maagizo yanaendelea kumiminika, kampuni ikaachana na mpango wa E na kusema italeta Windows ile ile ya dunia nzima. Mtu alilipia kitu kimoja, akaletewa kingine. Safari hii kilichokuja kilikuwa bora kuliko kilichoagizwa, lakini anayelipia kisichopo ajue kwamba kisichopo hubadilika.

Kuna upande wa pili wa hesabu hii, nao ni watengenezaji wa kompyuta. Windows nyingi haziuzwi kwenye maboksi; zinakuja zimeshapandwa ndani ya kompyuta mpya. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mzazi wa Marekani, Julai 2009, unataka kumnunulia mwanao laptopu ya chuo. Dukani zote zina Vista, na dunia nzima inasema Oktoba inakuja nyingine. Ungenunua? Wengi wangesubiri, na miezi mitatu ya kusubiri ingewafungia watengenezaji msimu mzima wa kufungua shule. Wazee wa biashara hii wana mfano wao wa kutishia watoto: kampuni ya Osborne, iliyouza kompyuta za kubebeka mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikaanza kuzisifia zijazo kabla hazijawa tayari. Wateja wakaacha kununua zilizopo. Mwaka 1983 ikafilisika. Wapo wanaosema chanzo cha kufa kwake kilikuwa zaidi ya hapo, ila somo limebaki na jina lake.

Dawa ya Microsoft ilikuwa ahadi. Anayenunua kompyuta yenye Vista Home Premium au zaidi, kuanzia siku ile ile ya 26 Juni 2009 hadi 31 Januari 2010, angepelekewa Windows 7 bure au kwa malipo kidogo ikishatoka. Yaani maboksi ya dola 49 na ahadi hii vilikuwa mapacha: moja kwa mwenye kompyuta ya zamani, nyingine kwa anayenunua mpya. Wote wawili wakaondolewa sababu ya kusubiri.

Fedha za namna hii zina ajabu yake kwenye vitabu. Ukimpa fundi cherehani kianzio cha suti ya harusi, pesa imeingia mfukoni mwake, lakini akiwa na akili haiiti mapato mpaka suti imekwenda. Kanuni za uhasibu zinasema hivyo hivyo kwa makampuni makubwa. Robo ya mwaka ya Julai hadi Septemba 2009 Microsoft iliweka kando dola bilioni 1.47, zilizotokana na ile ahadi ya kompyuta mpya na mauzo ya Windows 7 kwa watengenezaji na maduka kabla ya siku ya kutoka. Zilikuwa zimeshauzwa lakini hazikuruhusiwa kuhesabiwa. Robo iliyofuata zikafunguliwa, pamoja na zilizokuwa zimewekwa kando kabla yake, jumla dola bilioni 1.71 zikaingia kwa mkupuo kwenye mapato. Ukiona kampuni imelala robo moja kisha imeruka robo inayofuata, chungulia kwanza kama haikuwa inashona suti.

Na huku kwetu? Afrika Mashariki haikuwamo kwenye orodha ya ofa. Windows 7 ilikamilika na kupelekwa viwandani tarehe 22 Julai 2009. Kesho yake, tarehe 23, mkongo wa baharini wa SEACOM ukawashwa katika pwani yetu. Kabla ya hapo intaneti ya wengi ilitegemea satelaiti, na faili la zaidi ya GB 2 kulipakua ilikuwa safari ya siku kadhaa, umeme ukiruhusu. Kwa hiyo Windows iliingia mitaani kwa njia yake ya siku zote: diski iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, “WIN 7”, ndani ya bahasha ya karatasi, na fundi anayekupigia windo kwa bei ya chipsi kuku.

Binamu yangu alipigiwa windo hivyo, akatamba nayo miezi kadhaa. Mwaka 2010 laptopu yake ikaanza kujizima. Inawaka vizuri, baada ya saa mbili kamili inazima, kazi yote imepotea. Fundi akasafisha feni. Akabadilisha chaja. Akasema ni betri, betri ikanunuliwa, ikazima tena. Aliyeitegua ni kijana mmoja wa chuo aliyekuja kuomba kuchapisha barua. Alionyesha pembe ya chini kulia ya skrini, ambako kulikuwa na maandishi madogo tuliyokuwa tumeyazoea kama doa ukutani: Windows 7, kisha namba 7100. Hilo lilikuwa lile toleo la majaribio la bure. Lilipangwa kufa tarehe 1 Juni 2010, na kuanzia tarehe 1 Machi liwe linajizima kila baada ya saa mbili ili mwenyewe akumbuke kununua. Kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inadai.

Bei ziliendelea kuporomoka baada ya hapo, na Microsoft haikuwa peke yake. Apple iliyokuwa ikitoza dola 129 kwa mfumo mpya wa Mac iliutoa ule wa Agosti 2009 kwa dola 29, na kufikia Oktoba 2013 ikaanza kuutoa bure kabisa. Yenyewe inauza mashine, mfumo ni chambo. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012 ilipakuliwa kwa dola 39.99 hadi mwisho wa Januari 2013, kisha bei ikapanda. Ndipo ikaja Windows 10. Kuanzia Juni 2015, wenye Windows 7 na 8.1 waliona alama ndogo ya dirisha kwenye kona ya skrini ikiwaalika kuweka nafasi. Kuagiza mapema kwa bei ya sifuri, mwaka mzima kuanzia tarehe 29 Julai.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba bei haikufutika, ilihamia kwa mwingine wa kuidai. Faili lilikuwa na zaidi ya GB 3, na baadhi ya kompyuta zilijipakulia zenyewe kimyakimya, hata za watu ambao hawakuwahi kubonyeza ile alama. Huko Marekani kwenye intaneti ya kulipia kwa mwezi bila kuhesabiwa GB wengi hawakujua. Huku, mtu alinunua bando la mwezi jioni, akawasha laptopu, akalala. Asubuhi akaanza kuwauliza watoto nani ameangalia video usiku kucha.