Boti iliyotumika kutoka Florida: kodi inavyodhaniwa na ilivyo

"Wewe ni mgeni, kodi yao haikuhusu." Mnunuzi anayetafuta boti nje ya nchi huambiwa hivi mapema, na kauli hiyo inaweza kumgharimu sana. Florida, mojawapo ya masoko makubwa ya boti zilizotumika, hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 6 kwa boti inayokabidhiwa ndani ya jimbo. Haiangalii pasipoti.

Msamaha kwa asiye mkazi upo kweli, ila una masharti. Ununue kupitia muuzaji au dalali aliyesajiliwa na jimbo, utie saini hati ya kiapo, kisha boti iondoke ndani ya siku 10. Boti ya tani 5 au zaidi (tani za ujazo wa chombo, si za uzito) inaweza kununuliwa stika zinazorefusha muda hadi siku 90. Baada ya hapo ni ushahidi: risiti ya mafuta au ya kuegesha gatini, iliyotolewa nje ya Florida, tuseme Bimini kule Bahamas, na inayoitambulisha boti hiyohiyo. Risiti isiyotaja boti haikusaidii. Kwa boti inayosafirishwa kwa meli ya mizigo, itunze hati ya shehena kama unavyotunza hati ya mauzo. Na boti ikirudi Florida ndani ya miezi 6 bila sababu ya matengenezo, kodi inadaiwa, na faini juu yake.

Wengine husema boti inayouzwa na mtu binafsi haina kodi. Hapa ndipo ninapowaomba watu wawe makini zaidi, maana bei ya mtu binafsi hushawishi. Asipokuwepo dalali wala muuzaji aliyesajiliwa, njia ile ya msamaha haipo, na ukienda kusajili boti, ofisi ya kodi ya kaunti itakudai. Boti ya dola 40,000 inadaiwa dola 2,400 za jimbo. Kaunti ikiwa na nyongeza ya asilimia 1, hiyo hutozwa kwenye dola 5,000 za kwanza tu, yaani dola 50.

Kwamba boti kubwa hufilisi mtu kwa kodi? Hapana. Kodi ya Florida kwa boti moja haizidi dola 18,000, hata bei iwe mamilioni.

"Ni kuukuu, ilishalipiwa ilipokuwa mpya." Florida hutoza kila inapouzwa. Umoja wa Ulaya ni tofauti: mtu binafsi akikuuzia hatozi VAT, lakini swali linabaki kama boti iliwahi kulipiwa. Asiyekuwa na ankara ya zamani inayoonyesha VAT ana kazi ya kujieleza, na bendera ya nchi ya Ulaya iliyoko tezini si uthibitisho wa malipo.

La mwisho ni kudhani kwamba ukilipa kule, nyumbani umemaliza. Kodi ya Florida haipunguzi hata senti ya unachodaiwa Mombasa au Dar es Salaam. VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, na forodha huhesabu bei pamoja na bima na nauli ya meli. Boti ya dola 40,000 yenye gharama ya dola 9,000 za meli na bima huanza kuhesabiwa kwenye 49,000. Ushuru wa forodha unaongezwa hapo, ndipo VAT inapigwa juu ya jumla.