Kasuku mkubwa analialia kama kifaranga: usikimbilie kusema anadeka

Kati ya maswali tunayoulizwa sana hapa ofisini tunakotibu wanyama kuhusu ndege wa nyumbani ni hili: kasuku wangu ni mkubwa, karanga anapasua mwenyewe, sasa mbona siku hizi anajikunyata chini ya tundu, mabawa kayalegeza yanatetemeka, kichwa juu chini juu chini, na anatoa ile sauti ya kukwaruza kweee kweee kweee mpaka majirani wanalalamika? Ukimpa kidole anakidaka na mdomo anaanza kukisukuma kama anakipampu. Wengine wanahisi kifafa, wengine wanasema ndege karogwa, ila wengi wanakuja na jibu lao kabisa kwamba huyu anadeka tu, mwache atazoea.

Mimi hapo kwenye "anadeka tu" ndo napogombana na watu. Kuna wanaodeka kweli, sikatai, lakini kuna wenye njaa na kuna wagonjwa, na kwa macho wote wanafanana.

Tuanze na kifaranga mwenyewe. Kasuku anaanguliwa karibu uchi, macho yamefumba, na kila anachokula anacheuliwa na wazazi moja kwa moja mdomoni. Mzazi akimshika mdomo, kifaranga anasukuma kichwa haraka haraka na chakula kinashuka kwenye gole, kile kimfuko cha shingoni kinachovimba akishiba. Hafundishwi na mtu, anazaliwa nacho, ndo maana ukimgusa tu pembeni ya mdomo anaanza mwenyewe. Kasuku wa kijivu, huyu mwenye mkia mwekundu ambao huku Kigoma tunao sana kuanzia Ujiji mpaka Gungu, akilelewa kwa mkono kwa kawaida anaachishwa akiwa na miezi kama 3 au 4, na wapo wanaochelewa zaidi ya hapo. Zile lavubedi, kasuku wadogo kabisa, zinawahi, wiki 6 mpaka 8 hivi. Na porini hata akishaanza kuruka bado wazazi wanaendelea kumlisha kwa muda, hakatwi siku moja.

Sasa huku kwetu ndege anauzwa kabla ya hapo. Muuzaji anakwambia huyu keshajua kula, si unaona anadonoa mtama? Jamani kudonoa sio kula, kifaranga anaweza kushinda kutwa nzima anachezea mbegu, maganda yamejaa chini unafurahi, kumbe gole tupu. Angalia macho kabla hujatoa hela: kasuku wa kijivu mchanga ana macho meusi meusi ya kijivu, yanapauka taratibu na kuwa ya njano kadri anavyokua, kwa hiyo ukiuziwa "mkubwa wa miaka mitatu" mwenye macho meusi ujue umebebeshwa mtoto. Na nikiwa hapo hapo niseme na la sheria, kasuku wa kijivu tangu Januari 2017 yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku, hivyo hao wanaoletwa kimya kimya na maboti kutoka ng'ambo ya ziwa usiwaguse, na hata wa hapa nchini kufuga mnyamapori kunataka kibali. Hao wa magendo ndo hasa wanaotolewa kiotani mapema mno, halafu tabia tunayoiongelea inabaki nao miaka.

Kitu cha kwanza cha kufanya ni mzani, sio dawa wala ushauri wa jirani. Mzani wa jikoni wa dijitali unatosha, mpime asubuhi akishakunya na kabla hajala, andika kwenye daftari, rudia kila siku. Kasuku wa kijivu wengi wako kwenye gramu 400 na kitu mpaka 500 na zaidi kidogo. Akishuka asilimia 10, yaani wa gramu 450 kapoteza 45, hiyo ni hatari, na kwa macho hutaona kitu sababu manyoya yanaficha. Pitisha na kidole kwenye mfupa wa kifua, ukiukuta umechongoka kama kisu hapo hakuna deko, ndege anakufa njaa mbele ya bakuli lililojaa.

Mwenye njaa alishwe, mambo ya kumkaushia ili "ajifunze" yaachwe kabisa. Kumkatia kifaranga chakula cha mkono ghafla ndo kunatengeneza ndege wa kulia maisha yake yote. Uji wake uwe na joto la nyuzi 39 mpaka 41, tumia kipimajoto, maana ukizidi sana unaunguza gole na unaweza kulitoboa, na ukipoa chakula kinalala humo mpaka kinachacha. Uji uliopashwa kwenye jiko la mkaa una sehemu za moto na sehemu za baridi, ukoroge vizuri ndo upime. Tumia kijiko kilichokunjwa pembeni, umsubiri asukume mwenyewe. Sirinji ya kulazimisha kwa mtu asiye na uzoefu inapeleka uji kwenye mapafu, na ndege wa hivyo hatunaga la kumfanyia. Halafu ile ya kumtafunia ugali umpe mdomo kwa mdomo ikome, mate ya binadamu yana bakteria ambao kwa kasuku ni sumu ya polepole.

Kuna yule ambaye uzito uko sawa lakini kaanza kulia baada ya kuhamia nyumba nyingine, au mwenzake kafa, au mwenye nyumba kasafiri. Huyu karudi utotoni, kama mtoto wa miaka sita anayeanza tena kukojoa kitandani mama akimleta mdogo wake. Watu wananiambia daktari ukimlisha utamharibu, mimi nasema mpe tu. Kijiko cha viazi vitamu vya vuguvugu vilivyopondwa, mahindi mabichi yaliyochemshwa, mchicha kidogo, jioni kwa siku kadhaa, akitulia unahamishia kwenye bakuli lake. Hajaharibika mtu hapo. (Parachichi usimpe hata kidogo, najua huku yamejaa, linaua kasuku.)

Ila akiwa mzito vizuri, anakula vizuri, na kilio kinaanza ukiingia wewe tu, huyo umemfundisha mwenyewe kwa kumkimbilia kila akifungua mdomo. Hapo mpe kabla hajalia, mwitikie akiwa kimya, na mpe kazi ya mdomo. Chikichi ni kitu kizuri sana kwa hili, kasuku wa kijivu porini anazila hizo hizo, zina vitamini A, na kumenya moja kunamweka bize muda mrefu kuliko kumwagiwa alizeti. Zisizidi moja mbili kwa siku maana mafuta ni mengi.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko kwenye kucheua. Kasuku aliyekomaa anapandisha kichwa hivyo hivyo, lakini yeye haombi, anatoa, anakucheulia wewe au kioo au mdoli wake kwa sababu kakufanya mke au mume. Mwili wake umesimama, macho yanawaka, mboni zinasinyaa na kutanuka. Toa kioo, acha kumpapasa mgongo na chini ya mabawa, mguse kichwa na shingo tu, na alale gizani kwa muda wa masaa 10 mpaka 12. Usimgombeze, hajui kosa lake.

Anayetapika ni mwingine kabisa. Huyo anatikisa kichwa kushoto kulia, chakula kinaruka ovyo na kumgandia kwenye manyoya ya uso, kajikunja, kanyong'onyea. Inaweza kuwa fangasi ya gole, inaweza kuwa maambukizi mengine, na kwa nyumba za wavuvi kule Kibirizi na Katonga huwa nauliza mapema kama ndege anafikia nyavu, sababu chubwi, vile vizito vya kuzamishia nyavu vya madini ya risasi, anazitafuna na yale madini yanamwekea sumu. Waya mpya wenye zinki nao ni hivyo hivyo, anaung'ata ung'ata mpaka anaumwa. Huyu asisubiri kesho, na usimpe antibayotiki za kuku ulizobakiza.

Ukimleta, njoo na daftari la uzito, karatasi ya chini ya tundu yenye kinyesi cha siku hiyo usiitupe, na kavideo kafupi ka hicho kitendo kwenye simu, maana wakifika kwetu wengi wanaogopa na kunyamaza kimya. Tundu lifunikwe kanga, na kama ni bodaboda mwambie dereva apunguze mwendo.