Nyaraka za Paulo: yanayosemwa na yaliyomo

Neno lenyewe linatupoteza. Siku hizi waraka ni ule unaotoka wizarani, agizo moja kwa wote. Zamani waraka ulikuwa barua tu, na barua ndizo alizoandika Paulo: kwa watu fulani, wa mji fulani, juu ya jambo lililokwisha kuwasha moto. Makosa mengi ya usomaji yanaanzia hapo.

"Sauli aligeuzwa jina njiani Dameski"

Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 9, kinaendelea kumwita Sauli hata baada ya kubatizwa. Jina la pili linatokea 13:9, akiwa kisiwani Kipro: "Sauli, ambaye ndiye Paulo". Mtu mmoja, majina mawili, la Kiebrania na la Kirumi. Na farasi aliyemwangusha hayumo. Huyo ni wa wachoraji.

"Zimepangwa kama zilivyoandikwa"

Zimepangwa kwa urefu, karibu zote: za makanisa kwanza, kisha za watu binafsi, Filemoni yenye aya 25 ikifunga. Ukifuata mpangilio huo unaanza na Warumi, ambayo ni ya miaka ya baadaye. Wataalamu wengi huitanguliza 1 Wathesalonike, mnamo mwaka 50. Makadirio hayo yanaegemea jiwe: maandishi ya Delphi, huko Ugiriki, yenye barua ya Kaisari Klaudio yanamtaja Galio, yule liwali wa Akaya, jimbo la Kirumi lililokuwa na Korintho, wa Matendo 18:12, na kumweka huko karibu na mwaka 51.

"Kila sentensi ni kauli ya Paulo mwenyewe"

Hili ndilo linaloumiza watu zaidi. Chukua 1 Wakorintho 7:1, "ni heri mwanamume asimguse mwanamke". Wangapi wameitumia kudai kwamba Paulo aliidharau ndoa! Soma maneno yanayotangulia: "kwa mambo yale mliyoandika". Wakorintho walimwandikia, naye anajibu. Kigiriki cha wakati ule hakikuwa na alama za kunukuu, kwa hiyo wafasiri wengi wanaona hayo ya kutomgusa mwanamke ni maneno ya Wakorintho, ambayo Paulo anayarudia ili ayarekebishe. Aya ya 3 hadi ya 5 anawaambia mume na mke wasinyimane.

Ukitaka kuona barua yao ikichungulia, pigia mstari kila penye "kwa habari ya" au "za": 7:25, 8:1, 12:1, 16:1, 16:12. Kando ya kila moja andika swali unalodhani liliulizwa, ndipo usome jibu. Na hii "ya kwanza" si ya kwanza: 5:9 inataja waraka aliokwisha kuwapelekea, ambao haupo tena.

"Aliandika zote 14 kwa mkono wake"

Waebrania haina jina la mwandishi. Zenye jina lake ni 13. 7 hazibishaniwi sana (Warumi, Wakorintho mbili, Wagalatia, Wafilipi, 1 Wathesalonike, Filemoni), 6 zina mjadala. Hata hizo 7 hakuziandika zote kwa mkono wake mwanzo hadi mwisho: Tertio, aliyemwandikia, anajitaja katika Warumi 16:22, na katika Wagalatia 6:11 Paulo anaonyesha herufi zake kubwa.

"Aliacha Uyahudi, akahubiri kwamba matendo mema hayana maana"

Neno Mkristo halimo katika barua hizo 13. "Mimi nami ni Mwisraeli", anasema Warumi 11:1, kwa wakati uliopo. Kuhusu "matendo ya sheria", ambayo Paulo anasema hayamhesabii mtu haki, angalia ugomvi wa Galatia ulikuwa juu ya nini: tohara, nani ale na nani, kushika siku. Hati moja ya Kiebrania kutoka Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, iliyochapishwa 1994, ina msemo huohuo, nayo inazungumzia usafi, dhabihu na kalenda. Wapo wanaosema Paulo anaupanua zaidi ya hapo, hasa Warumi 4, na hoja yao ina uzito. Lakini kuufanya uwe wema kwa jirani ni kuupa maana ambayo Wagalatia wasingeitambua. Waraka huohuo, 6:10, unawaagiza wawatendee watu wote mema.