Daraja la tatu la Titanic halikuwa ghala la watu

Watu wengi bado wanaamini kwamba abiria wa daraja la tatu kwenye Titanic walirundikwa chini kabisa kama magunia, ukumbi mmoja, giza, chakula mabaki. Sio kweli jamani. Meli za zamani zilikua hivyo, lakini mwaka 1912, Titanic iliposafiri, kampuni za meli zilikua zinagombania wahamiaji wa kwenda Marekani, hao ndo walikua wanaingiza hela ya uhakika.

Titanic walikua na vyumba vyenye vitanda vya dabodeka (kimoja juu ya kingine), vingi vya watu wachache tu, taa za umeme, na ukumbi wa kupumzikia wenye piano. Wanaume waseja walilala omo, yaani mbele kabisa ya meli, wanawake waseja na familia huku nyuma. Tarehe 14 Aprili asubuhi, siku ambayo usiku wake meli iligonga mwamba wa barafu, walipewa uji wa oti na maziwa, samaki wa moshi, nyama ya nguruwe na mayai, mkate freshi, chai na kahawa, mezani, wanahudumiwa, na yote imo kwenye nauli. Kwa wengi wao hicho kilikua chakula kizuri kuliko cha nyumbani.

Shida zilikuwepo, mabafu yalikua mawili tu kwa watu kama 700 hivi.