Mwagia Maji ya Baridi, Farasi Hatakakamaa

Jumamosi tena, simu ileile. Farasi karudi kutoka ufukweni, anahema, pua zimemtanuka, jasho limeshakuwa povu chini ya mkanda wa tandiko. Nauliza kama wamemmwagia maji. "Hapana daktari, tunangoja apoe kwanza. Maji ya baridi yatamkakamaza misuli." Nafika, namkuta juani, kafunikwa shuka! Kipimajoto kinasoma 40.8.

Jamani. Kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 watafiti waliwamwagia maji ya barafu farasi waliotoka kazini kwenye joto na unyevu. Misuli haikupata kitu, nao walipoa upesi. Ukweli huu una miaka karibu thelathini, bado nabishana na masaisi, tena na wakufunzi.

Jasho hupoza linapokauka. Hewa yetu ya pwani mwezi Machi imeshashiba unyevu, kwa hiyo jasho linadondoka tu mchangani na joto linabaki ndani. Kungoja "apoe kwanza" ni kumwacha aive. Joto la kawaida la farasi ni 37.5 hadi 38.5, akipita 40 usipoteze muda. Kivulini, penye upepo, vua tandiko, kisha ndoo juu ya ndoo: shingo, mabega, mgongo, makalio, ndani ya mapaja. Ukiwa na barafu ya wavuvi, itie ndooni. Usisimame kumkwangua maji. Ndoo inayofuata itayasukuma yaliyopata moto. Taulo bichi la kumwekea shingoni nalo liondoe, baada ya dakika chache limekuwa blanketi. Mpime kila baada ya dakika tano, akishuka chini ya 39 mtembeze taratibu, kisha mpime tena.

Kwamba akinywa maji akiwa moto atapata msokoto wa tumbo? Mpe ndoo anywe. Ila jasho la farasi lina chumvi kuliko damu yake, hivyo anaweza kukaukiwa na asisikie kiu. Vijiko viwili vya chumvi kwenye chakula chake, kila siku ya kazi. Hili nitalisema mpaka nistaafu.

Na yule mnayemsifu kwamba ana pumzi kwa sababu harowi jasho wenzake wakiwa chapachapa: huyo ni mgonjwa. Tezi zake za jasho zimeacha kazi, jambo linalowapata farasi wengi katika nchi za joto. Asipandwe mpaka nimwone.